Madaraja Mawili

Yadi ya Mchopanga, Barabara ya Nyerere,
Jumamosi saa tatu, jua limeshakaa juu ya mabati.
Yameegeshwa bega kwa bega, mapacha,
bluu ya wino wa mhuri, milango miwili kila moja.
"Mama, gari ni hilo hilo," anasema.
"Tofauti ni daraja tu."

Daraja.
Neno hilo mjini kwetu lina maji chini yake.
Nalijua la Jangwani, mvua za Aprili,
linavyokuahidi asubuhi na kukunyima jioni.

Daraja la juu: siti zinakubana mbavu
kama shangazi aliyefika harusini,
breki zimepakwa nyekundu, rimu inchi kumi na tisa,
tairi nyembamba kama ufizi.
Farasi arobaini zaidi,
na sijui nitawalisha nini, wala wapi,
foleni ya Tabata ikishikana saa kumi na moja.

Daraja la chini: kitambaa kigumu cha sare ya shule,
kiti unakivuta mwenyewe kwa mkono, kraak,
redio inaongea Kijapani, inanionya jambo
ambalo sitalijua kamwe.
Milioni tisa pungufu.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Mtoto wa mwisho nimemlipia ada ya mwisho.
Nilipokuwa na miaka saba, Mombo,
magari ya mashindano yalipita kando ya mkonge.
Vumbi likatufunika. Gari limeshakwenda,
mlio wake bado uko kwetu, unazunguka.
Mama akanifuta macho kwa ncha ya khanga: umeyaona?
Sikuyaona. Niliyasikia tu.
Nayasikia mpaka leo, nikihesabu vidonge dirishani,
kutwa mara tatu, baada ya chakula.

Nikainama. Mchopanga akadhani nimeangusha hereni.
Nikapima uvungu kwa kiganja:
la chini, shubiri kasoro kidole.
La juu, vidole viwili zaidi vimeliwa.

Vidole viwili.
Nawajua wenyewe.
Mtaani kwetu Kimanga, mbele ya genge la Mama Koku,
pana tuta lisilo na rangi wala kibao.
Tulilijenga usiku mmoja
baada ya pikipiki kumvunja mguu Shukuru, mtoto wa fundi cherehani.
Mfuko mmoja wa saruji ulikuwa wangu.
Ni mimi niliyemwambia mwashi: lipandishe.
Akalipandisha. Nikasema: bado.

Ngwabi, fundi wangu wa Gerezani, ananijibu kwenye simu:
"Shokapu tutazinyanyua, dada, haishindikani.
Lakini ununue kilicholala ili ukakiamshe?"

Nikayajaribu, mpaka Tazara na kurudi.
La juu kila kiraka cha lami
lilinisomea kwenye uti wa mgongo, herufi kwa herufi.
Lakini linakwenda, sitasema uongo, linakwenda
kama lile la Mombo, sekunde nne nzima,
halafu lori la kokoto, taa nyekundu,
na trafiki mwenye glovu nyeupe.
La chini, sekunde tano na nusu.
Lori jingine. Taa ile ile.

Nililipia la chini.
Nikalipandisha tuta mshazari, pole pole,
pumzi nimeibana kama ni mimi ninayekwaruzwa.
Halikugusa.
Shukuru alikuwa kibarazani, mguu umenyooka sasa.
"Hili ndilo lile linalokimbia?"
"Ndilo."
"Mbona halikimbii?"

Jumapili alfajiri nikalipeleka Daraja la Tanzanite.
Kibao kilisema hamsini.
Nikaenda hamsini na moja, umri wangu,
vioo vyote chini, chumvi mdomoni,
nikacheka peke yangu kama mwizi wa sukari.

Jumatano nikampigia Mchopanga kuulizia kadi ya gari.
Kabla sijakata: lile jingine, limeshachukuliwa?
"Bado, Mama."
Nikanyamaza.
Basi, nikamwambia, usiliache juani.